RASIBERI NYUMBANI: Nilikata mashina kwa kufuata video, nikarudisha hela za wateja 150,000

Wiki iliyopita niliweka picha ya rasiberi zangu hapa, watu wengi mkauliza zinapandwaje, zinastahimili wapi, na kama kweli zinalipa. Nimeona niandike kila kitu sehemu moja. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo ihifadhi usome ukitulia.

Kwanza nijitambulishe kwa wageni. Nipo Njombe mjini, nina duka dogo la vifaa vya keki: unga, rangi, maboksi, mishumaa, vitu hivyo. Nimeishia form four, kilimo sijasomea popote. Nilichojifunza ni kwa kusoma kwenye simu, kuuliza watu na kuharibu. Na nitaanza na nilivyoharibu, maana ndiyo sehemu iliyoniuma na ndiyo itakayokusaidia wewe unayeuza mtandaoni, hata kama hutapanda rasiberi maisha yako yote.

ILIVYOKUWA

Wateja wangu wa duka ni watu wa keki. Mwaka 2021 walianza kuniuliza tunda la kupambia juu ya keki tofauti na stroberi. Nikatafuta, nikapata miche 12 ya rasiberi, nikaipanda uani kwa mama mwezi Desemba 2021, mvua zikiwa zimekolea.

Mwaka wa kwanza sikujua chochote, kwa hiyo sikukata chochote. Katikati ya 2022 nikapata matunda ya kuonja tu, bakuli mbili tatu. Ila Novemba na Desemba 2022 mimea ikazaa vizuri. Nikaposti, vikaisha vyote. Machi hadi Mei 2023 ikazaa tena, vizuri zaidi. Hapo nikajiona mkulima.

Julai 2023 nikasema sasa nifanye kitaalamu. Nikaangalia video ya mzungu mmoja, akasema wazi kabisa: shina la rasiberi likishazaa, kata mpaka chini, halizai tena. Nikachukua mkasi nikakata mashina yote yaliyokuwa yamezaa. Uwanja ukawa msafi, nikapiga na picha.

Septemba nikafungua oda za Desemba. Unajua mwezi huo: harusi, sendofu, Krismasi. Kopo la gramu 125 nilikuwa nauza 5,000, mteja anatanguliza nusu. Nikapata oda za makopo 60. Yaani 150,000 mkononi kabla tunda halijaonekana. Hela hiyo sikuiweka, niliongezea mzigo wa maboksi ya keki dukani.

Oktoba ikafika, hakuna ua hata moja. Machipukizi mapya ya kijani yalikuwepo, marefu ya kiunoni, lakini maua hamna. Kila asubuhi nakwenda kuchungulia kama mtu anayesubiri gari la mwisho. Mwanzoni mwa Novemba nikajua hapa nimeyakanyaga.

Nikaanza kupiga simu moja moja. Dada mmoja wa Makambako alikuwa na keki ya harusi ya ngazi nne, ameshamwahidi bibi harusi. Nilipomaliza kueleza akanyamaza, halafu akasema, "Mdogo wangu, si ungeniambia mapema?" Hakunitukana. Bora angetukana. Nilikopa kwenye kikoba cha mama nikarudisha 150,000 yote, na wawili kati ya wale wateja hawajawahi kurudi mpaka leo.

KOSA LILIKUWA WAPI

Nyuma ya banda la kuku kulikuwa na shina moja ambalo mkasi haukulifikia. Ncha yake ilikuwa imezaa mwezi wa tano na kukauka. Mwishoni mwa Oktoba nikaenda kutoa mayai, nikaona shina lilelile, kuanzia chini ya ile ncha kavu kushuka chini, limetoa vitawi vya pembeni vyenye maua. Lilikuwa linazaa mara ya pili.

Hapo ndipo nikarudi kusoma vizuri, na hiki ndicho ningependa kila mtu akijue kabla hajanunua mche:

Mizizi ya rasiberi inaishi miaka mingi, lakini kila shina linaishi kama miaka miwili tu. Halafu kuna aina mbili kubwa.

Aina ya kwanza: shina linakua mwaka wa kwanza bila kuzaa, mwaka wa pili linazaa mara moja, linakufa. Hii ndiyo aliyokuwa anaizungumzia yule mtu wa video. Kwake alikuwa sahihi kabisa.

Aina ya pili: shina linazaa kwenye ncha mwaka uleule lilipoota. Ukiliacha, msimu unaofuata linazaa tena sehemu ya chini ya pale lilipozaa mwanzo. Baada ya hapo ndiyo linakufa.

Yangu ni aina ya pili. Inaitwa Heritage, ni ya zamani na inajulikana sana, ilitolewa mwaka 1969 na kituo cha utafiti wa kilimo cha Geneva, jimbo la New York, Marekani. Kwa hiyo mimi Julai nilipokata mashina "yaliyozaa", nilikuwa nakata mavuno ya Desemba. Mimea haikufa. Machipukizi mapya yalikuja kuzaa Februari 2024, wakati hela za watu zimesharudi na harusi zimeshapita.

Sasa twende kwenye kupanda.

1. JE, KWAKO INAKUBALI?

Rasiberi ni tunda la baridi, lipo ukoo mmoja na waridi. Huku kwetu Njombe ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na linakaa vizuri. Sehemu zenye hali ya namna hii, kama Mbeya, Lushoto au miteremko ya juu ya Mlima Meru, una nafasi. Kama upo Dar, Tanga mjini au Mombasa, nakushauri kama ndugu, usitupe hela yako. Joto la pwani litaichosha tu.

Hata sehemu za baridi, chagua ile aina ya pili inayozaa kwenye ncha. Ile ya kwanza inataka mamia ya saa za baridi kali, chini ya nyuzi 7, ndiyo iamke izae. Baridi ya Ulaya inatosha kwa hilo. Yetu, pamoja na makoti yote tunayovaa mwezi wa saba, mara nyingi haitoshi.

2. MICHE: HAPA WATU WANAPIGWA

Rasiberi haipandwi kwa mbegu kama unataka tunda unalolijua. Inapandwa kwa machipukizi yanayotoka kwenye mizizi, ili mtoto afanane na mama. Ukiona mtu anauza mtandaoni pakiti ya "mbegu za rasiberi za bluu", pita kimya kimya. Rasiberi za kawaida ni nyekundu, zipo za njano, nyeusi na za zambarau. Ile bluu ya kung'aa ni rangi ya kompyuta.

Pia kuna kuchanganya. Kwenye misitu ya huku juu kuna matunda pori ya jamii hiyohiyo, yenye miiba, na kuna blakiberi. Namna rahisi ya kutofautisha ni hii: ukichuma rasiberi iliyoiva, kiini cheupe kinabaki kwenye kikonyo na tunda linakuwa na tundu ndani kama kofia. Blakiberi inatoka na kiini chake. Na wateja wengi watakuuliza, "Hizi si forosadi?" Usicheke. Forosadi inaota kwenye mti mkubwa na inatoka na kikonyo chake. Jibu kwa upole, maana anayeuliza ndiye atakayenunua.

Unaponunua mche uliza mambo matatu: jina la aina, unazaa kwenye ncha au la, na kama unaweza kuona mama yake akiwa na matunda. Muuzaji akishindwa yote matatu, ondoka. Mche mzuri una mizizi mingi yenye unyevu, majani hayana mabaka ya njano wala hayajajikunja.

Na wenye ndugu nje ya nchi: usiletewe miche kwenye begi. Mimea kutoka nje inahitaji kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA. Ugonjwa mmoja ukiingia uani kwako unafika na kwa jirani.

3. ENEO NA UDONGO

Inataka jua angalau masaa sita kwa siku na isiwe njia ya upepo mkali. Udongo uwe wenye rutuba, unaopitisha maji, wenye uchachu kidogo. Kitu kinachoua rasiberi haraka kuliko chochote ni maji kutuama, mizizi inaoza.

Jipime hivi: chimba shimo la sentimita 30, jaza maji. Ukirudi kesho yake ukakuta maji bado yapo, usipande hapo kwenye usawa. Inua tuta la sentimita 20 hadi 30 upande juu yake. Mimi nimefanya hivyo na ndiyo sababu mvua za masika hazijaninyang'anya.

Kingine: usipande palipokuwa na nyanya, viazi mviringo, bilinganya au pilipili miaka ya karibuni. Kuna ugonjwa wa mnyauko unaobaki kwenye udongo na unapenda hao wote pamoja na rasiberi. Njombe kila ua lina historia ya viazi, kwa hiyo muulize mama kabla ya kuchimba. Mimi nilipata kipande kilichokuwa na mahindi tu.

4. KUPANDA

Panda mwanzo wa mvua. Kwetu ni Novemba hadi Desemba.

- Chimba mashimo ya upana na kina cha sentimita 30 hadi 40.
- Changanya udongo wa juu na nusu ndoo ya samadi ILIYOOZA. Samadi mbichi inaunguza mizizi.
- Mche hadi mche acha sentimita 50 hadi 60. Safu hadi safu acha mita 2. Utaona ni nafasi kubwa mno, lakini baada ya mwaka mmoja utanishukuru.
- Usizamishe sana. Fukia mizizi na sentimita chache tu juu yake, kandamiza kwa mkono, mwagia maji.
- Tandaza majani makavu au nyasi juu ya udongo, unene wa sentimita 5 hadi 10, ila yasiguse shina. Mizizi ya rasiberi ipo juu juu, matandazo yanatunza unyevu na kukuepusha na jembe. Magugu ng'oa kwa mkono.

Nguzo ni lazima. Weka nguzo kila baada ya mita 4 au 5, urefu wa mita moja na nusu juu ya ardhi, pitisha waya mbili, moja sentimita 60 na nyingine 120. Mashina yafunge kwa kitambaa au kamba laini. Yakilala chini, matunda yanaoza na panya wanakula.

5. MATUNZO YA KILA WIKI

Maji: kiangazi mimi nampa kila mche kama lita 5, mara mbili au tatu kwa wiki, chini kwenye udongo. Usimwagie juu ya majani na matunda, ndiyo unaualika ukungu.

Mbolea: samadi iliyooza au mboji mara moja kabla ya mvua, na nyongeza kidogo mashina yanapoanza kurefuka. Ukizidisha mbolea ya kukuzia utapata majani mazuri ya kupiga picha na matunda machache.

Machipukizi: yatatoka kila mahali, mpaka njiani. Ndani ya safu acha mashina 10 hadi 15 kwa kila mita moja, yale yenye nguvu. Yaliyotoka nje ya safu ng'oa. Yenye mizizi mizuri ndiyo miche yako mipya. Nilianza na 12, sasa nina 24 na sijanunua tena hata mmoja.

Wadudu na magonjwa: kiangazi angalia chini ya majani kama kuna utitiri, vidudu vidogo sana vyenye utando, majani yanakuwa na vidoti vya njano. Mvua nyingi zinaleta ukungu wa kijivu kwenye matunda. Dawa ya kwanza ya ukungu ni hewa: punguza mashina, chuma mara kwa mara, tunda bovu litoe uani kabisa. Msimu wa mvua mimi nafunika safu kwa nailoni juu tu, pembeni wazi. Ndege nao wanapenda rasiberi kuliko mteja yeyote, weka neti zinapoanza kuwa nyekundu.

Baridi ya Juni na Julai huku kwetu inaweza kushusha sakitu. Machipukizi machanga yanaungua. Usiku ukiwa mkavu na hauna mawingu, yafunike na magunia, asubuhi jua likitoka funua.

6. KUKATA MASHINA (soma mara mbili)

Haya ndiyo niliyolipia 150,000, wewe chukua bure. Kwa aina inayozaa kwenye ncha una njia mbili:

Njia A, kata yote. Baada ya mavuno ya ncha, unakata mashina yote mpaka karibu na ardhi. Mapya yanaota, na baada ya kama miezi mitano hadi sita yanazaa kwenye ncha. Mavuno ni mara moja, ila makubwa na kazi ni rahisi.

Njia B, kata ncha tu. Baada ya mavuno ya ncha, unakata ile sehemu iliyozaa peke yake, chini kidogo ya kitawi cha mwisho kilichokuwa na matunda. Sehemu ya chini unaiacha. Msimu unaofuata inazaa. Ikimaliza, HAPO ndipo unakata shina lote mpaka chini, na unabaki na mashina mapya.

Unayajuaje mashina? Jipya ni la kijani na laini. Lililokwishazaa lina rangi ya kahawia, gome linabanduka kidogo. Mimi nafunga uzi mwekundu kwenye kila shina linapomaliza kuzaa ncha. Likimaliza mara ya pili naongeza uzi wa pili. Shina lenye nyuzi mbili linakatwa, lenye uzi mmoja haliguswi hata aje nani na mkasi.

Sasa hivi nina safu mbili. Safu ya kwanza nafanya njia A mwezi wa nane, baridi kali ikishapita, inazaa kuanzia Februari hadi Aprili. Safu ya pili nafanya njia B, ndiyo inayonipa Novemba na Desemba. Hesabu hii ni ya Njombe. Usiichukue kama ilivyo ukaipeleka Lushoto, maana na mimi ndivyo nilivyochukua ya Ulaya nikaileta Njombe. Mwaka wa kwanza wewe andika tu kwenye daftari: tarehe uliyokata, tarehe ya ua la kwanza, tarehe ya tunda la kwanza. Ukiwa na hizo tatu una kalenda yako mwenyewe.

7. KUCHUMA NA KUHIFADHI

Rasiberi ikichumwa haijaivi, haiivi tena. Chuma lile linalotoka lenyewe ukiligusa. Ukilazimika kuvuta, liache mpaka kesho. Chuma asubuhi umande ukishakauka, weka moja kwa moja kwenye kopo la kuuzia ili usiliguse mara mbili. Kopo liwe fupi, tabaka mbili au tatu tu, ya chini yasipondeke. USIOSHE. Mwambie mteja aoshe dakika atakayotumia.

Weka kwenye friji haraka. Kwa friji ya nyumbani mimi nahesabu siku mbili, ya tatu ni bahati. Yaliyobaki yatandaze kwenye sinia bila kugusana, ingiza kwenye friza mpaka yawe magumu, ndiyo utie kwenye mfuko. Hivyo hayagandani kuwa jiwe. Ya friza hayafai kupamba keki, yakiyeyuka yanalegea, lakini kwa juisi, jamu na sosi ya keki ni mazuri sana. Bei yake tofauti, na mteja mwambie kabla hajalipa.

Nilijaribu kutuma mabichi Dar kwa basi la usiku mara moja. Kilichofika kilikuwa jamu bila sukari. Siku hizi mabichi ni Njombe mjini na Makambako tu, kwa bodaboda au basi la asubuhi, yakiwa kwenye boksi la kupozea.

8. KUUZA: SHERIA ZANGU BAADA YA ILE HASARA

Moja. Sifungui oda mpaka nione maua. Kutoka ua mpaka tunda lililoiva ni kama mwezi mmoja, baridi ikizidi inachelewa. Kwa hiyo ua ndilo linaloniruhusu kuposti. Video hairuhusu, wala mavuno ya mwaka jana hayaruhusu.

Mbili. Nachukua oda pungufu ya ninachotegemea. Kwa mashina yangu, msimu ukikolea nachuma makopo 6 hadi 8 kila baada ya siku mbili. Naahidi 4. Yanayozidi naposti statasi asubuhi ileile, hayamalizi saa moja.

Tatu. Hela ya kutanguliza naiweka kwenye laini nyingine ya simu, siigusi mpaka mzigo umfikie mteja. Ile siyo yangu bado. Hii sheria naitumia hata kwa maboksi ya keki ninayoagiza Dar.

Nne. Nikiona tatizo nampigia mteja siku hiyohiyo. Yule dada wa Makambako hakuumia kwa kukosa matunda, aliumia kwa sababu mimi nilianza kuona hakuna maua Oktoba mwanzoni na nikanyamaza mwezi mzima nikitegemea muujiza. Angejua Oktoba angebadilisha mapambo ya keki bila shida. Nilimpelekea makopo mawili ya bure Februari, nikamwomba radhi ana kwa ana. Alirudi. Desemba iliyopita ndiye alikuwa wa kwanza kuchukua, nikamtumia picha ya maua kabla hajatuma hata shilingi.

Tano. Usianze na miche mia. Anza na 6 au 10, tafuta kwanza wateja watano walio karibu kiasi kwamba tunda linawafikia siku hiyohiyo. Hili siyo zao la kusubiri bei ipande.

JE, INALIPA?

Kwangu inalipa kama nyongeza ya duka, siyo kama mtaji wa maisha. Faida kubwa ni kwamba anayekuja kufuata rasiberi anaondoka na unga, krimu na boksi. Na miche inayozidi nayo nauza, ila kila anayenunua nampa karatasi yenye jina la aina na maelezo ya ile namba 6 hapo juu. Sitaki mtu mwingine akate Desemba yake kwa mkono wake mwenyewe.

Kama una mashina tayari na hujui ni aina gani, usikate chochote kwa sasa. Funga uzi, subiri, angalia yanazaa wapi. Mmea utakuonyesha.

Swali lolote uliza hapo chini, nikifunga duka jioni najibu. Na kama kuna mtu ana oda za watu mkononi sasa hivi na anajua ndani ya moyo mzigo hautafika, acha kusoma, chukua simu umpigie leo.